Moyo Safarini: Teknolojia Mpya Yapanua Mipaka ya Upandikizaji, Sheria na Imani ya Wananchi Vyabaki Msingi

Mapema mwaka 2024, moyo wa binadamu ulisafirishwa kutoka visiwa vya Ufaransa vilivyoko katika Bahari ya Karibi hadi jijini Paris, umbali wa takribani kilomita 6,750, ndani ya ndege ya kawaida ya abiria. Moyo huo ulihifadhiwa nje ya mwili kwa muda wa saa 12, kisha ukapandikizwa kwa mgonjwa katika Hospitali ya Pitié-Salpêtrière na kuanza kazi yake upya. Taarifa ya madaktari waliofanikisha shughuli hiyo, wakiongozwa na Guillaume Lebreton, ilichapishwa mwaka huohuo katika jarida la tiba la The Lancet.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, safari hiyo inakaribia mara mbili ya umbali wa angani kati ya Dar es Salaam na Cape Town. Kwa madaktari, jambo lililowashangaza zaidi lilikuwa muda. Kwa zaidi ya miongo minne, kanuni iliyotawala fani hii ilikuwa kwamba moyo uliotolewa kwa mchangiaji unapaswa kupandikizwa ndani ya muda usiozidi saa nne hivi. Kila muda ulipoongezeka, ndivyo hatari kwa mpokeaji ilivyoongezeka. Kisa cha Paris kinaonesha kuwa kikomo hicho hakikuwekwa na maumbile ya moyo pekee, bali pia na namna binadamu alivyokuwa akiuhifadhi.

Uchambuzi huu unaeleza mabadiliko hayo yametokana na nini, ushahidi uliopo una uzito gani, na kwa nini serikali zinazotaka kunufaika na teknolojia hii zinapaswa kuanza na sheria, taasisi na imani ya wananchi kabla ya kununua mashine.

Chanzo cha kikomo cha saa nne

Upandikizaji wa kwanza wa moyo wa binadamu kwa binadamu ulifanyika katika ardhi ya Afrika. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1967, Dkt. Christiaan Barnard na wenzake wa Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, walimpandikiza Louis Washkansky moyo wa mchangiaji aliyefariki kutokana na ajali ya barabarani. Mpokeaji aliishi siku 18 kabla ya kufariki kwa homa ya mapafu. Katika tukio hilo suala la usafiri halikuwepo kabisa, kwani mchangiaji na mpokeaji walikuwa katika hospitali moja na vyumba vya upasuaji vilikuwa jirani.

Hali hiyo haikuweza kuendelea. Ni nadra mchangiaji na mgonjwa mwenye kundi la damu na ukubwa wa mwili unaolingana naye kuwa chini ya paa moja. Ilipoidhinishwa nchini Marekani mwaka 1983 dawa ya saiklosporini, inayozuia kinga ya mwili kukikataa kiungo kigeni, idadi ya upandikizaji iliongezeka na timu za madaktari zikalazimika kuifuata mioyo katika miji ya mbali. Njia iliyotumika ilikuwa nyepesi na ya gharama nafuu: moyo husimamishwa kwa kuingiziwa maji baridi yenye kiwango kikubwa cha potasiamu, huwekwa katika mifuko safi yenye maji maalumu ya kuhifadhia viungo, kisha hufukiwa kwenye kasha la barafu.

Mantiki ya baridi ni kupunguza njaa ya kiungo. Moyo ni msuli usiopumzika, na kwa sababu hiyo hutumia oksijeni kwa wingi. Ukikatiwa damu katika joto la kawaida la mwili, akiba yake ya nishati humalizika haraka na chembe zake huanza kufa. Ukipozwa hadi nyuzi joto 4 hivi za Selsiasi, mahitaji yake hushuka hadi takribani sehemu moja ya kumi ya kawaida. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba kupunguza mahitaji si kuyaondoa. Ndani ya kasha la barafu moyo bado unakula akiba, na hakuna kinachoingia kuifidia. Aidha, barafu haipoozi kwa usawa. Sehemu iliyogusana nayo inaweza kushuka mno na misuli ikajeruhiwa na baridi yenyewe.

Figo huweza kustahimili hali hiyo kwa saa 24 na zaidi, na ini kwa saa kadhaa zaidi ya moyo. Moyo hauna uvumilivu huo, tena unatakiwa kuanza kusukuma damu papo hapo unaporejeshewa mzunguko. Figo iliyopandikizwa ikichelewa kuamka, mgonjwa husafishwa damu kwa mashine kwa siku kadhaa. Moyo ukichelewa, uhai wa mgonjwa hutegemea mashine nzito za kusukuma damu, na mara nyingine hupotea. Hali hiyo ya moyo mpya kushindwa kufanya kazi katika saa za mwanzo ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya mapema baada ya upandikizaji.

Saa nne hizo huanza kuhesabiwa pale mshipa mkuu wa mchangiaji unapobanwa, na humalizika pale damu ya mpokeaji inapopita ndani ya moyo mpya. Ndani yake kuna muda wa kuutoa moyo na kuufungasha, safari ya gari la wagonjwa kwenda uwanja wa ndege, safari ya kutoka uwanja wa pili kwenda hospitali, na muda unaokaribia saa moja wa kuushona mahali pake. Kwa hesabu hiyo, muda unaobaki kwa ajili ya kuruka angani ni saa mbili hivi. Kikomo cha kitaalamu kikawa pia mpaka wa kijiografia: kila hospitali ya upandikizaji ilizungukwa na duara, na aliyekuwa nje ya duara hilo hakuweza kupeleka moyo wala kuupokea.

Njia mbili za kuushinda muda

Watafiti wamejaribu kulipanua duara hilo kwa njia kuu mbili.

Njia ya kwanza ni kuuacha moyo uendelee kudunda safarini. Kifaa kilichotengenezwa na kampuni ya Marekani ya TransMedics huuweka moyo ndani ya chombo safi, na pampu huzungusha damu ya mchangiaji iliyotiwa oksijeni katika joto linalokaribia la mwili. Madaktari huutazama moyo ukidunda na kupima viwango vya asidi inayozalishwa na msuli usiopata oksijeni ya kutosha. Kwa namna hiyo, moyo hukaguliwa wakati unasafiri, jambo lisilowezekana ukiwa ndani ya barafu. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha matumizi ya kifaa hicho kwa mioyo ya wachangiaji waliofariki kwa kifo cha ubongo mwezi Septemba 2021, na mwezi Aprili 2022 ikaongeza mioyo ya wachangiaji ambao mapigo yao yalikuwa yamekoma.

Kundi hilo la pili linahitaji maelezo. Kwa kawaida moyo huchukuliwa kwa mtu ambaye ubongo wake umekufa lakini mapigo yake yanaendelea kwa msaada wa mashine ya kupumulia. Moyo uliokwisha kusimama wenyewe ulihesabiwa kuwa umeharibika. Mwaka 2014, madaktari wa Hospitali ya St Vincent's, Sydney, walitangaza kuwa wamefanikiwa kuiamsha mioyo ya namna hiyo ndani ya mashine na kuipandikiza. Hospitali ya Royal Papworth nchini Uingereza ikafuata mwaka 2015. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la The New England Journal of Medicine, uliohusisha upandikizaji 180 nchini Marekani, ulionesha kuwa waliopokea mioyo iliyokuwa imesimama waliishi hadi miezi sita kwa asilimia 94, ikilinganishwa na asilimia 90 kwa waliopokea mioyo ya njia ya kawaida. Maana yake ni kwamba teknolojia ya kuhifadhi imefungua pia mlango kwa aina ya wachangiaji ambayo hapo awali haikutumika kwa kawaida.

Njia ya pili inachanganya baridi na lishe. Moyo hausafirishwi ukidunda; huendelea kuwa umesimama katika nyuzi joto 8, huku pampu ikipitisha polepole kwenye mishipa yake maji maalumu yenye virutubisho, oksijeni na chembe nyekundu za damu. Msingi wa njia hii uliwekwa na Profesa Stig Steen wa Lund, Sweden, na mashine yake inatengenezwa na kampuni ya XVIVO ya nchi hiyo. Taarifa ya wagonjwa sita wa mwanzo ilitolewa mwaka 2020. Hiyo ndiyo mashine iliyovuka Bahari ya Atlantiki mwaka 2024.

Njia ya joto humpa daktari nafasi ya kuujaribu moyo kabla ya kuutumia, lakini inahitaji damu ya mchangiaji, wataalamu wengi na uangalizi wa kila dakika. Mashine ikisita, moyo wenye joto huumia haraka. Njia ya baridi haitoi nafasi hiyo ya ukaguzi, lakini ina kinga ya ziada: pampu ikisimama, moyo bado upo katika baridi.

Ushahidi na mipaka yake

Wananchi wanaofuatilia taarifa za kitabibu wanapaswa kutofautisha tukio moja lililofanikiwa na ushahidi uliopimwa. Safari ya Paris ni tukio; tafiti zilizofanyika kabla na baada yake ndizo zinazoonesha kama linaweza kurudiwa.

Nchini Australia na New Zealand, ambako miji mikubwa imetenganishwa na maelfu ya kilomita za jangwa na bahari, timu iliyoongozwa na Profesa David McGiffin wa Hospitali ya Alfred, Melbourne, iliijaribu njia ya baridi yenye oksijeni kwa mioyo iliyotarajiwa kukaa nje ya mwili kwa muda mrefu. Utafiti huo wa wagonjwa 36 ulichapishwa mwaka 2024. Moyo uliohifadhiwa kwa muda mrefu zaidi ulikaa saa 8 na dakika 47, na wapokeaji wote walikuwa hai siku 30 baada ya upasuaji. Kwa nchi ambayo ndege kutoka Perth kwenda miji ya mashariki huruka kwa takribani saa nne, matokeo hayo yana maana ya moja kwa moja: mgonjwa wa pwani moja anaweza kuokolewa na mchangiaji wa pwani nyingine.

Barani Ulaya, utafiti mkubwa zaidi uliochapishwa katika The Lancet mwaka 2024 uliwalinganisha wagonjwa 101 waliopokea mioyo iliyohifadhiwa kwa mashine hiyo na wagonjwa 103 waliopokea mioyo iliyohifadhiwa kwa barafu, katika vituo 15 vya nchi nane. Matatizo makubwa yaliyochaguliwa kuwa kipimo kikuu yalitokea kwa asilimia 19 ya kundi la mashine na asilimia 30 ya kundi la barafu. Tofauti hiyo ni kubwa kwa macho, lakini haikufikia kiwango cha uhakika wa kitakwimu kilichowekwa na watafiti wenyewe kabla ya kuanza. Kwa upande wa moyo mpya kushindwa kufanya kazi, uwiano ulikuwa asilimia 11 dhidi ya 28.

Vilevile, si kila utafiti umeionesha mashine kuishinda barafu. Utafiti wa mwaka 2015 wa kifaa cha joto, uliohusisha wagonjwa 130, ulikuta kuwa waliokuwa hai na moyo mpya unaofanya kazi baada ya siku 30 walikuwa asilimia 94 katika kundi la mashine na asilimia 97 katika kundi la barafu. Hitimisho la watafiti lilikuwa kwamba mashine si duni kuliko njia ya kawaida. Hawakusema kuwa ni bora. Kwa moyo wa mchangiaji mwenye afya aliye umbali wa saa moja, kasha la barafu linalosimamiwa vizuri bado ni chombo halali. Thamani ya mashine hujitokeza pale umbali unapokuwa mkubwa, pale moyo unapohitaji kukaguliwa, au pale mapigo ya mchangiaji yalipokwisha kukoma.

Umbali kama suala la haki

Inaweza kuonekana kuwa mada hii ni ya wahandisi na madaktari peke yao. Uzoefu wa nchi zilizotangulia unaonesha vinginevyo. Muda wa kuhifadhi kiungo huamua nani anahesabiwa katika mgawanyo wa viungo, na mgawanyo ni jambo la sera ya umma.

Mfano mmoja ni Marekani. Mwezi Oktoba 2018 nchi hiyo ilibadilisha utaratibu wa kugawa mioyo ili wagonjwa mahututi zaidi wapewe kipaumbele katika eneo pana zaidi, hadi maili 500 za baharini kutoka hospitali ya mchangiaji. Nia ilikuwa njema: mgonjwa asikose moyo kwa sababu tu anaishi upande wa pili wa mpaka wa kiutawala. Matokeo yake yakawa mioyo kusafiri mbali zaidi na kukaa muda mrefu zaidi nje ya mwili. Kwa maneno mengine, uamuzi wa haki uliofanywa kwenye karatasi uliongeza mzigo kwenye kasha la barafu, na ukaongeza pia mahitaji ya mashine. Sera na teknolojia haziwezi kupangwa katika ofisi mbili zisizozungumza.

Kisa cha visiwa vya Karibi kina funzo linalofanana. Raia wa visiwa hivyo ni raia wa Ufaransa kama wakazi wa Paris. Hata hivyo, kwa kanuni ya saa nne, familia ya kisiwani iliyoridhia kuchangia moyo wa ndugu yao haikuweza kuona ridhaa hiyo ikimfikia mgonjwa wa bara, kwa kuwa safari ya ndege pekee huchukua takribani saa nane. Uraia ulikuwa mmoja, bahari ikawatenga. Mashine ya saa 12 imeigusa tofauti hiyo mahali ambapo sheria pekee isingeweza kufika.

Upande wa pili wa hoja nao una uzito. Vifaa hivi ni ghali, vinatengenezwa na kampuni chache, na kila safari moja hutumia vifaa vya kutupwa baada ya matumizi. Nchi isiyopanga inaweza kujikuta inapanua duara kwa ajili ya hospitali zenye fedha huku ikiziacha nyingine nyuma. Ndiyo maana mamlaka za afya hudai takwimu za gharama pamoja na takwimu za uhai kabla ya kuziingiza mashine hizi katika bima na bajeti za umma.

Yanayotangulia mashine

Hakuna mashine inayoweza kuhifadhi moyo ambao haukuchangiwa. Kabla ya pampu na oksijeni, unahitajika mnyororo wa maamuzi: sheria inayotambua kifo cha ubongo na kueleza nani anakithibitisha, madaktari wanaokithibitisha wakiwa tofauti na timu ya upandikizaji, familia inayoulizwa kwa heshima na kupewa muda, orodha moja ya kitaifa ya wagonjwa, na chombo cha umma kinachosimamia mgawanyo bila upendeleo. Hispania, ambayo kwa miaka mingi imekuwa kinara duniani kwa kiwango cha wachangiaji waliofariki, ilianzisha taasisi yake ya kitaifa ya upandikizaji mwaka 1989, na siri kubwa ya mafanikio yake imekuwa waratibu waliofunzwa walioko ndani ya hospitali. Nchi kadhaa za Ulaya zimekuwa zikibadilishana viungo kupitia Eurotransplant tangu mwaka 1967, na zile za kaskazini kupitia Scandiatransplant tangu mwaka 1969. Taasisi hizo zilitangulia mashine za leo kwa miongo mingi.

Katika ukanda wetu, msingi umeanza kujengwa kwa hatua. Tanzania ilianza kupandikiza figo katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwezi Novemba 2017, na mwezi Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma ikafuata. Huduma hizo zilianza kwa figo za wachangiaji walio hai, mara nyingi ndugu wa mgonjwa. Kenya iliweka vifungu vya uchangiaji wa viungo vya binadamu katika Sheria ya Afya ya mwaka 2017. Hatua hizo zimewarejesha watu kazini na majumbani mwao. Moyo, hata hivyo, hauwezi kutolewa na ndugu aliye hai. Taifa linalofikiria upandikizaji wa moyo linalazimika kwanza kuzungumza na wananchi wake kuhusu kifo, mwili wa marehemu na mazishi, kwa lugha wanayoielewa, viongozi wa dini na wazee wakishiriki. Mazungumzo hayo hayanunuliwi kwa zabuni.

Tahadhari nyingine inahusu biashara haramu. Kadiri kiungo kinavyoweza kusafiri mbali, ndivyo ulinzi wa mipakani unavyopaswa kuwa imara. Azimio la Istanbul la mwaka 2008 na misingi iliyopitishwa na nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani mwaka 2010 vinapinga uuzaji wa viungo na kusisitiza uwazi wa kumbukumbu. Uwezo wa kusafirisha moyo kwa saa 12 unaipa misingi hiyo umuhimu mpya, kwani mwananchi anayeombwa kuchangia ana haki ya kujua kiungo kitakwenda wapi, kwa utaratibu gani, na kwamba hakuna mtu aliyelipwa kwa ajili yake.

Namna ya kuzisoma taarifa zijazo

Ni dhahiri kuwa taarifa za mioyo inayovuka mabara zitaendelea kutolewa, na muda wa kuhifadhi utaendelea kurefuka. Mwananchi anayezisoma atafaidika akiangalia idadi ya wagonjwa waliohusika badala ya idadi ya kilomita pekee, akiangalia wangapi walikuwa hai baada ya mwezi na baada ya mwaka, na akiuliza gharama italipwa na nani. Aangalie pia kama taarifa inataja mchangiaji na familia iliyoridhia, kwa kuwa bila ridhaa hiyo hakuna safari inayoanza.

Kilichobadilika ni kwamba umbali, ambao kwa miongo kadhaa ulitolewa kama jibu la mwisho kwa wagonjwa wa pembezoni, sasa ni tatizo linaloweza kupangiwa mkakati. Mashine zinaweza kuongeza saa. Kazi ya kuhakikisha kwamba saa hizo zinamfikia mgonjwa anayestahili, awe wa mji mkuu au wa kisiwa cha mbali, inabaki kwa Bunge linalotunga sheria, wizara inayosimamia huduma, na wananchi wanaoziamini taasisi zao kiasi cha kukubali kutoa.